Saini Kabla ya Kazi

Jumamosi, mchana

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wanangu wote wawili. Ni matumaini yangu kwamba ule mgongo sasa unakuacha ulale, na kwamba shemeji amekubali hatimaye kwenda kupima macho badala ya kukuibia miwani kila akitaka kusoma. Mimi mwilini ni mzima. Nakula, natembea, sina homa. Zaidi ya hapo usinihesabie uzima, maana nitakuwa nimekudanganya tangu mstari wa kwanza, na barua hii nimeapa isiwe na uongo, hata ule wa adabu.

Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita, nami nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, nikueleze siku yangu ofisini saa kwa saa, ili ukiwa jikoni uweze kusema sasa hivi mdogo wangu anafanya hiki. La pili uliliandika pembeni kwa herufi ndogo, kama mtu anayenong'ona: je, nina furaha? Laiti ungeniuliza mshahara, ningekujibu siku ileile.

Acha nikuambie mapema kwa nini mwandiko wangu umepinda hivi, nisije nikakuzungusha. Alhamisi saa nne asubuhi nitasimama mbele ya kamati ya uchunguzi ya kampuni. Neno nitakalosema pale ndilo litakaloamua kama mzee aliyenifundisha kazi atafutwa kwenye orodha ya mafundi na kufikishwa mahakamani, au ataachwa. Nimebakiwa na siku tano.

Lakini nianze na ulichoniomba. Saa mbili kasoro robo nafungua ofisi ya msimamizi. Ndiyo, yule mdogo wako aliyekuwa akisahau hata kuvua viatu kabla ya kulala, leo ana ufunguo wa ofisi. Ni chumba kidogo ghorofa ya kwanza, na dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ningeweza kuupaka rangi bila kuinuka. Nina kiti kinachozunguka. Siku ya kwanza nilikizungusha mara tatu, karani akaingia, nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza. Ukutani kuna ubao wenye lifti zote tunazozitunza, themanini na moja, kila moja na kadi yake. Saa mbili mafundi wanakuja kuchukua kadi, wawili wawili, wananiita bosi, na wale walionizidi umri wanalitamka neno hilo kwa utani ambao sijui niucheke au niukemee. Saa tatu natia saini. Saa nne natia saini. Saa saba nakula peke yangu, kwa sababu nikikaa mezani na mafundi wanabadilisha mazungumzo. Kisha simu zinaanza, na kila inapolia nangoja kusikia ni jengo gani. Saa kumi na moja nafunga mlango. Hiyo ndiyo siku ya mtu aliyefanikiwa, dada. Ukisoma kwa makini utaona hakuna mahali nimeshika kifaa chochote isipokuwa kalamu.

Zamani nilishika kila kitu. Miaka minne nilifanya kazi na Babu Mluzi, ambaye nimekutajia kwa kupitapita tu. Tunamwita hivyo kwa sababu hupiga mluzi kutwa, na hupiga vibaya, wimbo mmoja nusu, hajui unavyoisha. Ni mkali na ni bahili wa sifa. Nilipoingia kazini, mwanamke peke yangu kati ya mafundi thelathini, wengine walikaa mkao wa kunisubiri nilie. Yeye alinipa spana akaniambia niache kusimama kama nimekuja kupiga picha. Kila asubuhi alikuja na mayai mawili ya kuchemsha, moja akanipa mimi huku akilalamika kwamba atazeeka bila nguvu kwa sababu yangu. Tulikunywa chai juu kabisa ya majengo ya watu, kwenye vyumba vya mashine, mota ikiwa bado na joto, mikono yetu myeusi mpaka kwenye viwiko. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nimeridhika. Nilidhani nangoja kuridhika, na kwamba kutakuja na cheo.

Sasa nikueleze jinsi tunavyofanya kazi, maana bila hilo hutaelewa kitu. Lifti hukaguliwa na watu wawili. Mmoja hupanda chumba cha mashine kuangalia mota, kamba za chuma na breki. Mwingine hushuka shimoni, chini kabisa. Kadi ina mistari miwili ya saini, wa aliyekagua na wa aliyehakiki. Kwa mujibu wa kitabu cha kanuni, fundi mkuu akitoka shimoni naye anapaswa kupanda, aangalie kwa macho yake kile mwenzake alichofanya, kisha ndipo kadi isainiwe. Lakini kazi ikiisha mikono huwa imejaa grisi, na mkurugenzi wetu hapendi kadi chafu. Aliwahi kumfanya fundi mmoja aandike upya kadi arobaini kwa sababu ya alama za vidole. Tangu hapo sote tukazoea kusaini asubuhi, mikono ikiwa safi, kwenye meza ya mlinzi, kabla hata hatujafungua mkoba. Saini kwanza, kazi baadaye. Hakuna aliyeona ubaya wake, kwa kuwa kazi ilikuwa ikifanyika.

Halafu mwaka jana magoti ya Babu Mluzi yakaanza kumgomea. Chumba cha mashine mara nyingi hufikiwa kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima, na yeye akifika kidato cha tatu jasho jembamba linamtoka. Kampuni ingejua, ingempeleka nyumbani. Basi tukakubaliana bila kukubaliana: juu nakwenda mimi, yeye anasaini kwa kuniamini. Mwaka mzima nilimfichia magoti yake, na sikuwahi kumwangusha.

Ijumaa moja, sasa ni wiki sita, tulikwenda kwenye jengo la ghorofa sita, lenye ofisi chini na karakana ndogondogo juu. Kadi ilisema breki imeanza kulegea, ikazwe nati zake na kupimwa siku hiyohiyo. Tulisaini mezani kwa mlinzi, kama kawaida. Nikapanda. Mluzi wa Babu ulikuwa ukipanda kutoka shimoni kupitia njia ya kamba. Nilikuwa nimemaliza kamba na mota, nimepiga magoti mbele ya breki, simu ikaita. Alikuwa mkurugenzi mwenyewe. Akanipongeza. Akasema kati ya wote nimechaguliwa mimi kuwa msimamizi, na niwe ofisini kwake kabla ya saa tano, wakubwa wananisubiri. Dada, nilipiga kelele peke yangu kwenye chumba kile. Nilifungasha vifaa nikashuka ile ngazi kama mtu anayeteleza.

Siku nane baadaye, Jumamosi, fundi cherehani mmoja alipanda na lifti ile kwenda kwenye karakana yake ghorofa ya nne. Mlango ulifunguka. Alikuwa akitoka kinyumenyume, akivuta mfuko mkubwa wa vitambaa. Ujue kwamba lifti yenye mtu mmoja ni nyepesi kuliko uzito unaoning'inia upande wa pili, kwa hiyo ikiachiwa haianguki, inapanda. Breki ndiyo inayoishika. Mguu wake mmoja ulikuwa umefika nje, na lifti ikaanza kupanda ikiwa wazi. Alianguka chali sakafuni, mguu wa kulia ukavunjika mahali pawili. Ni mguu anaokanyagia cherehani.

Kamati ilipokaa mara ya kwanza walieleza kwamba nati za breki zilikutwa zimelegea, lakini hakuna awezaye kujua kama hazikukazwa kabisa au zilikazwa vibaya zikalegea tena. Kadi yenyewe ilikuwa safi, na saini mbili. Wakaniuliza mimi kwanza. Nikasema nilikaza. Neno moja tu, dada, na lilitoka jepesi. Wakamgeukia Babu Mluzi, wakamuuliza kama alipanda kuhakiki. Akajibu kwamba kama binti anasema alikaza, basi alikaza, na aliyepaswa kuhakiki ni yeye, na hakupanda. Hakunitazama. Alikuwa akisugua goti kwa kiganja. Wakamsimamisha kazi siku hiyohiyo, na mimi nikarudi ofisini kusaini.

Kampuni imenituma kila Jumamosi nimpelekee majeruhi matunda, kwa niaba yao. Nimetoka huko hospitali sasa hivi. Leo nimemmenyea chungwa. Amenishukuru, akaniombea maisha marefu, akasema anamshangaa mzee yule, ana roho gani, kusaini kitu asichokiona. Akasema Alhamisi atatoa ushahidi wake hata kama ni kwa kubebwa. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Niliendelea kumenya chungwa la pili ambalo hakuliomba.

Naweka kalamu chini kidogo.

Jumapili, jioni

Dada, najua umeshaelewa. Sikukaza. Nilishuka na breki sikuigusa. Nimelikwepa neno hili kurasa mbili nzima, sasa limeandikwa na siwezi kulifuta.

Kama ingekuwa ni kusahau tu, labda ungepata pa kunishikia. Mtu amefurahi, amechanganyikiwa, amesahau. Mimi mwenyewe nimekuwa nikijisimulia hivyo wiki zote hizi, na ni uongo. Ijumaa ileile jioni, saa kumi na mbili, mafundi walikuwa wamenizunguka kantini, wananivisha vyeo ambavyo hata havipo, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Babu Mluzi hakuja, alisema amechoka. Akanipigia simu. Hakunipongeza hata, aliniuliza jambo moja: kama nilimaliza kule juu. Na hapo hapo, dada, nikaiona ile breki mbele yangu kama ninavyouona mkono huu. Nikakumbuka kila kitu. Nikamwambia nimemaliza. Akasema haya, akakata simu. Nikarudi mezani, wakaniuliza mbona nimebadilika rangi, nikasema ni joto.

Niliahidi moyoni kwamba Jumatatu nitarudi kimya kimya. Jumatatu wakanipa ofisi. Ili fundi yeyote arudi kwenye jengo ambalo kadi yake imefungwa, lazima msimamizi aandike sababu kwenye kitabu cha kazi, na msimamizi nilikuwa mimi, na sababu nilikuwa mimi. Ukurasa wa kwanza kabisa wa kitabu changu! Nikasema kesho. Jumanne nikasema kesho. Nilikuwa nikipita mbele ya ubao ule wa kadi, najua ipo ya ngapi kutoka kushoto, na najizuia nisiitazame. Siku nane, na sikusahau hata siku moja. Uliniuliza habari ya furaha. Tangu nipate cheo hiki nimefurahi tangu mkurugenzi aliponipigia mpaka Babu Mluzi aliponipigia, yaani saa saba na ushei, na kwa sehemu ya furaha hiyo mtu mwingine amelipa kwa mguu.

Leo nilipiga moyo konde nikaenda nyumbani kwa Babu Mluzi. Nilimkuta barazani anatengeneza pasi ya jirani, miguu ameinyoosha juu ya ndoo. Mkewe alinikaribisha kwa heshima zote, akaniita bosi, akaingia ndani kututayarishia chai. Nikamwambia palepale, kabla chai haijaja, nisije nikaona haya ya kuinywa. Nilitegemea atanifukuza. Nilitegemea hata anipige na ile pasi.

Akaniambia anajua. Alijua tangu Ijumaa ile. Breki zile hukazwa kwa spana moja ndefu ambayo kila timu inayo moja tu, na asubuhi ile alishuka nayo shimoni kwa bahati mbaya, ndani ya mkoba wake. Jioni alipoufungua mkoba nyumbani akaiona. Ndiyo maana alipiga simu. Nilipomjibu nimemaliza, alijua namdanganya, kwa sababu hata ningetaka nisingeweza kumaliza. Kesho yake akachukua spana akaenda mwenyewe. Akapanda lifti mpaka ghorofa ya sita, akaishika ile ngazi ya chuma, akafika kidato cha tano, magoti yakakataa. Akakaa chini dakika nyingi. Kisha akajiambia kwamba nitakuwa nimerudi, kwamba mimi si mtu wa kuacha kazi nusu, akaondoka. Hakunipigia tena, maana hakutaka nijue alishindwa ngazi.

Nikamwambia basi Alhamisi nitasema ukweli na atarudishiwa jina lake. Hapo ndipo aliponitisha, dada. Aliniomba ninyamaze. Si kwa ajili yangu, alilisema hilo wazi, mimi ananihesabu kama mtu aliyemwangusha. Alisema kwamba sasa hivi kamati, na majirani, na mke wake aliyekuwa pale ndani anachemsha chai, wanamjua kama mzee aliyezembea kupanda ngazi, na mzee aliyezembea watu humsamehe nusu. Nikifunua yangu, wataniuliza habari ya ile simu, na itajulikana kwamba yeye alijua siku nane akanyamaza. Hilo hawezi kuishi nalo mbele ya mkewe. Aliinamisha kichwa akaendelea kufungua pasi, na bisibisi ilikuwa ikiteleza.

Nilikwenda kumwokoa, nikamkuta ananisihi nisimwokoe. Mkewe akaleta chai. Tuliinywa sote watatu, tukazungumza habari ya bei ya mkaa, na nilipoaga mzee hakuinuka. Nimerudi chumbani roho iko juu juu, na sijui kuna njia gani ya kusema kweli bila kumzamisha mtu mwingine.

Jumatatu, saa nane mchana

Dada, leo nimekwenda hospitali, na sikubeba matunda. Njiani nilijiambia kwamba kati yetu wote kuna mtu mmoja tu ambaye hakumficha yeyote kitu, naye ndiye peke yake ambaye hakuna aliyemuuliza anataka kujua nini.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kumbembeleza. Nilimwambia breki sikuikaza, kwamba kamati niliidanganya, na kwamba machungwa yale yote nilikuwa nikimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ya Babu Mluzi sikuyasema. Nimeamua hivyo na nitashikilia hivyo Alhamisi: nitasema niliulizwa siku ileile nikadanganya, na yule aliyeniuliza alikuwa akijua nini, hilo ni la kwake kusema au kutosema. Labda nako ni kuficha. Sijui, dada, nimefika mwisho wa akili yangu.

Hakupiga kelele. Alinisikiliza akikunja na kukunjua ncha ya shuka, jinsi mafundi cherehani wanavyopima upindo. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu, nilikumbuka siku gani. Nikamwambia siku ileile, jioni. Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, Jumamosi, Jumatatu, Jumanne, akaruka Jumapili kwa kuwa Jumapili hashoni. Alipomaliza akasema kwamba siku zote hizo alipanda lifti ile asubuhi na kushuka nayo jioni akiwa na mtoto mgongoni, wa miezi mitano. Jumamosi ile tu ndiyo alimwacha kwa bibi yake, kwa sababu mtoto aliamka na mafua.

Aligeuza uso ukutani. Nilisimama pale sijui kwa muda gani, mpaka muuguzi akaja akaniambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha, na haukuwa umekwisha.

Kutoka pale nimepitia kwa katibu wa kamati, nikamkabidhi maelezo yangu kwa maandishi, nimeyasaini mbele yake. Ameyasoma tangu mwanzo mpaka mwisho, akaniuliza kama nina uhakika, nikasema ninao. Funguo za ofisi nimeziacha kwa karani. Kuhusu mahakama sijui kitakachofuata, na sitaki ujifunge kibwebwe kunitafutia watu wa kuniombea. Niache kwanza.

Nisalimie shemeji, mwambie miwani ni aibu ndogo. Wanangu wakumbatie wote, yule mdogo umkumbatie kwa muda zaidi kidogo. Majirani wakikuuliza habari za mdogo wako bosi, usiwafiche kwa ajili yangu. Na wewe, dada uliyenilea, sikuombi unijibu upesi, wala sikuombi unijibu kwa upole. Ukiona vigumu kuandika, nitumie hata karatasi tupu, nitajua imetoka kwako.

Ni mimi mdogo wako,

Chiriku